Mjomba Ambaye Hayumo Kwenye Hadithi

Mandewa, Jumapili mchana

Mwanangu Hosiana,

Wewe na mama yako mmekwenda Ilongero kumuaga bibi, na najua hamtarudi kabla ya jioni, maana bibi yako hamwachi mtu aondoke bila kula ugali wa mtama na mlenda. Nyumba imetulia. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kamba juu ya zipu kwa sababu mama yako haamini zipu. Nimechukua daftari lako la zamani la Uraia, nimechana kurasa za nyuma ambazo hukuandika kitu, na ndizo hizi. Unisamehe mwandiko. Mkono wangu umezoea zeze kuliko kalamu.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia simu uweke wapi, usinunue nini dirishani, na umpigie nani ukifika Mwanza. Nikirudia nitaharibu. Mimi nina jambo moja tu, na nilitaka kukuambia kwa mdomo. Wiki nzima nimejaribu. Juzi ulipokuwa unapepeta mchele nilikuja nikakaa kwenye kigoda, ukaniuliza, "Baba, unataka kusema kitu?" Nikakuambia nataka maji. Mimi ninayesimama mbele ya kijiji kizima bila karatasi nilishindwa mbele ya binti yangu na ungo wake.

Ni habari ya ile hadithi ya Mama Aliyesubiri.

Unaijua yote. Uliijua kabla hujajua kuandika vizuri, kwa kunisikia nikiifanyia mazoezi uani. Mama ana mtoto mwenye homa. Anasema ngoja maharage yaive kwanza. Anasema ngoja mvua ikatike. Kila jirani anapopita na kumwambia ampeleke mtoto zahanati, yeye anajibu, "Bado nasubiri," na watu wote uwanjani wanaitikia naye, "Bado nasubiri." Mwanzoni wanacheka, kwa sababu nampa yule mama sauti ya kuvuta na midomo ya uvivu. Mwishoni hawacheki tena. Ndiyo hadithi iliyonitoa Misigiri ikanileta mjini, na ndiyo uliyosimulia mwezi wa sita mbele ya wale walimu wa chuo cha sanaa cha huko Mwanza waliokuja kuchagua wanafunzi.

Siku ile nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilikuwa nimejiandaa kujivuna. Lakini wewe hukumpa yule mama sauti ya uvivu. Ulimfanya awe anachungulia nje. Kila aliposema bado nasubiri alikuwa anageuza shingo kuangalia njia, kama mtu anayetegemea kuona mwenzake akitokea. Sijui ulilitoa wapi jambo hilo, sikukufundisha. Wale walimu walisimama kukupigia makofi. Mimi nilitoka nje, na ulipokuja kuniuliza kama nimependa nilikuambia vumbi limeniingia machoni. Singida ina upepo, hukushangaa.

Mwanangu, yule mama yupo. Ni shangazi yako Miriamu, dada yangu. Na kweli alikuwa anaangalia njia. Alikuwa ananisubiri mimi.

Nitakuelezea kama ilivyokuwa, na nitajitahidi nisiipambe.

Ulikuwa darasa la kwanza, bado tunakaa Misigiri. Nilikuwa nalima alizeti na vitunguu kama watu wote, lakini jina langu lilikuwa limeanza kutoka. Nilikuwa naitwa kwenye sherehe za shule, kwenye harusi, kwenye mikutano ya kijiji, nasimulia na kuimba mashairi, watu wanacheka, na katikati ya kicheko nawapenyezea somo: chimbeni vyoo, waosheni watoto nyuso, msiwaoze mabinti. Nilikuwa napendwa. Sijui kama unafahamu kupendwa na uwanja mzima kunamfanya nini mtu aliyekulia nyumba ya mabua ya mtama na kuchekwa kwa kutokuwa na viatu. Ukikaa huko Mwanza utafahamu. Ni kama pombe, tofauti yake ni kwamba hakuna mchungaji anayekukemea.

Shangazi yako alikuwa anakaa kitongoji cha ndani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu hadi barabara ya lami ilipo zahanati. Mume wake alikuwa kwenye kazi Itigi, anakuja mara chache. Walikuwa na mtoto mmoja, Joeli, wa miaka minne. Wewe ulicheza naye lakini nadhani umemsahau. Alikuwa anakuita "Ho", jina lako lilimshinda urefu. Mimi aliniita Mjomba kwa sauti ya kutoka puani, na akinisikia na pikipiki yangu alikuwa anakimbia hadi kwenye ua ili apandishwe kwenye tangi. Mimi ndiye peke yangu katika ukoo niliyekuwa na pikipiki. Na kwetu Wanyiramba, unajua, mjomba si mgeni kwa mtoto wa dada yake.

Ilikuwa mwezi wa tatu, masika. Shule ya kijiji cha jirani ilikuwa na siku ya wazazi, na nilialikwa. Nilikuwa nimemaliza hadithi ya kwanza, kama saa tano asubuhi, simu ikaita ndani ya mfuko wa zeze. Ilikuwa namba ya jirani yake shangazi, maana yeye hakuwa na simu. Aliyesema alikuwa dada mwenyewe: "Joeli anachemka tangu alfajiri, na sasa ameanza kushtukashtuka. Njoo na pikipiki."

Nikamwambia, "Nakuja, dada. Namalizia moja."

Nilipolisema lile neno nilikuwa nalimaanisha. Nataka ujue hivyo, ingawa halinisaidii. Nikasimulia ile moja. Watoto wakapiga kelele za kutaka nyingine, mgeni rasmi akainuka mwenyewe akaja kuniomba, na nikaona ni vibaya kumkatalia mtu mkubwa mbele ya watu. Nikasimulia nyingine. Halafu mwalimu mkuu akanishika mkono kunipeleka meza ya wageni, na palikuwa na pilau. Nikakaa. Hosiana, nilikula. Mgeni rasmi alikuwa ananisifu, anasema nitafika mbali, na mimi nilikuwa nala na kumsikiliza. Simu nilikuwa nimeizima sauti ili isinikatishe.

Nilipoitazama ilikuwa imepigwa mara nne.

Mvua ilikuwa imeanza. Nilipofika korongoni maji yalikuwa yamejaa, nikazunguka kwa juu ambako kuna mawe. Nilifika kwa shangazi yako saa kumi. Alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kumfunga mtoto mgongoni, amevaa viatu, kifurushi cha nguo kiko mkononi. Nadhani alikuwa amesimama vile tangu saa sita. Hakuniuliza kitu. Alipanda nyuma yangu, tukaenda, na njia nzima nilikuwa namsikia akimwambia Joeli kwa Kinyiramba kwamba mjomba amekuja, mjomba amekuja, sasa tunakwenda.

Nesi alijitahidi. Joeli alifariki jua linazama, hata dripu haijafika nusu.

Saa tano shangazi yako alikuwa anaweza kuondoka kwa miguu. Mvua ilikuwa haijaanza, korongo lilikuwa kavu. Angembeba mgongoni, saa saba angekuwa zahanati, na kwa maneno ya nesi mwenyewe, saa saba ingekuwa habari nyingine. Hakuondoka kwa sababu nilimwambia nakuja. Kama ningesema siji, kama ningesema niko kwenye shughuli tafuta mtu mwingine, asingekaa hata dakika moja. Lile "nakuja" ndilo lililomfunga pale mlangoni.

Nimelifikiri neno hilo sana. Tunalisema kila siku, watu wa hapa. Mtu yuko bado kitandani anasema niko njiani. Hatuoni kama ni uongo, tunaona ni adabu, hutaki kumvunja mtu moyo. Mtu akikuita, mwanangu, mjibu unalolijua. Ukimwambia huwezi, atakasirika, lakini atapata kuondoka.

Msibani watu walikuja wengi. Unajua wanawake wa msibani, wanaosha vyombo huku wanaulizana. Kwa nini alikaa na mtoto hadi jioni? Alikuwa anasubiri nini? Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanaume, nasikia. Siku ya tatu baba yake Joeli, ambaye alikuwa amefika kutoka Itigi, alimwuliza mbele ya wazee. Alimwuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Mama Joeli, ulikuwa unasubiri nini?"

Shangazi yako aliniangalia mara moja tu. Mimi nikaangalia mkeka. Nilikuwa nachomoachomoa unyasi wa ukindu, nauona hata sasa. Yeye akasema, "Nilikosea."

Basi. Baba Joeli alirudi Itigi baada ya arobaini na hakuja tena kukaa naye. Nasikia ana familia nyingine huko. Na mimi nikaendelea kunyamaza. Nilijiambia kwamba nikisema sasa nitaamsha msiba upya. Nilijiambia kwamba dada mwenyewe ameamua hivyo. Mtu akitaka kujificha hakosi pa kuingia.

Mama yako alijua. Alikuwa nyumbani, na shangazi alipopiga zile mara nne bila kupokewa alimpigia yeye, akamwuliza, "Ameshaondoka?" Mama yako akajibu kwamba lazima yuko njiani. Naye amelibeba hilo, usimwulize leo. Alinisema mara moja tu wakati ule, nikamkaripia, akaacha.

Sasa sikiliza nilichofanya baadaye, maana kuchelewa ni udhaifu, lakini hiki nilikifanya nikiwa macho.

Masika yaliyofuata, bwana afya alikuja kwangu. Watoto walikuwa wanakufa kwa homa na degedege, wazazi wanaanzia kwa mganga au wanakaa nyumbani, na alitaka hadithi itakayowafanya wakimbie zahanati siku ileile. Alinipa wiki moja. Siku ya nne ikaja yenyewe, yote, pamoja na kiitikio. Nilikuwa palizini. Nilisimama na jembe nikaisimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nilipomaliza nilikuwa nalia, na wakati huohuo nilikuwa najua kwamba ni nzuri. Hayo mawili yalikuwa pamoja kifuani. Wewe ni mtu wa kazi hii, utakuja kuyajua.

Nilibadilisha mambo. Jina sikulitaja. Mtoto nikamfanya wa kike. Nikaweka maharage, nikaweka mvua, nikaweka uvivu wa mama. Na nikamtoa mjomba. Sikumsahau, nilimtoa. Nilijaribu mara moja kumweka, pale shambani, nikaona anaharibu: watu wangeanza kumtazama yeye na somo lingepotea. Ndivyo nilivyojieleza. Nilisema ni kwa ajili ya somo.

Na somo lilifika, Hosiana, hilo siwezi kulikana. Yule nesi aliniambia wanawake wanakuja na watoto hata mvua ikinyesha, wameloa, na wakiulizwa wanasema, sitaki niwe yule mama. Redio ya huku ikaichukua. Nikaitwa Kiomboi, nikaitwa Manyoni, nikaitwa hapa mjini hadi tukahamia. Kuna watoto wanatembea leo kwa sababu ya hadithi ile. Nimejificha nyuma ya watoto hao miaka mingi.

Shangazi yako aliisikia kwa mara ya kwanza mnadani Misigiri. Nilikuwa sijui kama yupo. Unajua tunavyoanza: nikapaza, "Hadithi, hadithi," nao wakaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Nimefika kwenye kiitikio cha pili, uwanja mzima unasema bado nasubiri, wanawake wanapigana mabega kwa kicheko, ndipo nikamwona. Alikuwa amekaa chini, mbele ya gunia la alizeti alilokuja kuuza, mdomo wake umefungwa. Watu wa Misigiri waliokuwa wanamjua walianza kumgeukia. Mmoja, halafu wengine. Walikuwa wamekwisha kumtambua.

Ningeweza kusimama hapo. Ningeweza kusema, jamani, kuna mtu sijamtaja. Ilikuwa rahisi, uwanja ulikuwa mkononi mwangu, ungenisikiliza. Niliendelea hadi mwisho. Nitakuambia kwa nini, ingawa naona haya: ilikuwa inakwenda vizuri. Watu walikuwa wamenikaa mkononi na sikutaka kuwaachia. Nilipomaliza, makofi yalipokuwa yanapigwa, nilitazama tena pale. Gunia lilikuwepo. Yeye alikuwa ameondoka, ameliacha.

Tangu siku hiyo hakukanyaga nyumbani kwetu. Ulipopata kipaimara alituma kuku kwa mtu. Ulipofaulu kidato cha nne alituma kuku. Ulikuwa unaniuliza, "Baba, shangazi tumemkosea nini?" na mimi nilikujibu kwamba shangazi yako ana mambo yake, alifiwa, amekuwa mtu wa peke yake. Kwa hiyo nawe pia nilikusimulia uongo, tena bila kukupigia zeze.

Jioni ile ulipochaguliwa, ulipokuwa unaimba jikoni, mama yako alinifuata kwenye banda la kuku. Miaka yote hiyo hakuwa amelitaja. Aliniuliza, "Utamwacha mtoto aende nayo hivyo?" Nikamwambia nitaona. Akasema, "Yeye hajui anamsema nani. Wewe unajua." Akarudi kwako, akakuitikia wimbo.

Ilinichukua hadi mwezi wa tisa. Nilikuambia nakwenda Misigiri kuangalia shamba. Nilikwenda kwa dada yangu.

Anakaa palepale. Nilibisha hodi, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, kwa sababu shikamoo haikataliwi. Alinipa kigoda na maji. Alikuwa anapukuchua mahindi na hakuacha. Amezeeka, Hosiana, lakini mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akaniuliza, "Kwa lipi?"

Nikaanza. Nilianza na masika, na mvua, na korongo, na sauti yangu ikaanza kushuka na kupanda yenyewe kama ilivyozoea. Aliinua mkono.

"Usinisimulie," akasema. "Sema."

Sikujua kwamba nimesahau kusema. Mwishowe nikasema, "Nilikuambia nakuja, na sikuja. Nilikuwa nakula. Na ulipoulizwa ulikuwa unasubiri nini nilinyamaza, lawama ukaibeba wewe. Halafu nikakufanyia hadithi."

Akaendelea kupukuchua. Hindi likaisha, akachukua jingine. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Ungesema huji, ningembeba mgongoni."

Nikasema najua.

Nilimwuliza kwa nini siku ile mbele ya wazee hakunitaja. Akasema, "Nilikuona umekaa pale. Nikasema atasema mwenyewe." Akasema aliendelea kudhani hivyo hadi siku ya mnadani. Siku ya mnadani ndipo alipojua kwamba nimekwisha kusema, na nilichosema ni kile.

Nikamwambia nitaiacha hadithi, sitaisimulia tena popote, na wewe nitakukataza. Nilidhani atafurahi. Aliweka hindi chini kwa mara ya kwanza. Aliniambia kwamba binti wa jirani yake, mwaka jana, alikimbia na mtoto usiku wa manane kwa sababu ya hadithi ile, na mtoto yule anakuja hapo uani kila siku kumwibia karanga. "Usiiache," akasema. "Lakini mimi sikuwa mvivu. Maharage sikuyapika siku ile. Nilikuwa namsubiri mtu, na mtu huyo humo hayumo."

Kuhusu msamaha hakujibu. Nilisubiri, hakujibu. Alinisindikiza hadi kwenye njia na kuniambia nimsalimie mama Hosiana, akarudi. Usije ukafikiri kwamba yameisha. Nilikuwa nadhani ukishasema kosa lako lote mzigo unahamia kwa mwingine, aamue yeye. Hauhami. Unaona tu ukubwa wake.

Wiki mbili zilizopita niliisimulia tena, hapa Mandewa, shuleni, na nikamweka mjomba. Ndiyo siku uliyoniuliza mbona nimerudi mapema. Ilikwenda vibaya. Watoto hawakujua waitikie wapi. Nilipofika mahali ambapo mjomba anaketi kula pilau sauti ilinikatika, na nilipoipata tena nilikuwa nimewapoteza, wanatazamana. Mwalimu alinishukuru kwa adabu akasema huenda nimechoka. Labda anasema kweli. Nimeisimulia kwa uongo miaka mingi mno, imekomaa hivyo kinywani mwangu, na sijui kama nimebakiwa na umri wa kutosha kuifundisha njia nyingine.

Wewe unao. Ulimfanya yule mama atazame njia bila mtu kukuambia. Lakini hapo ndipo ninapoogopa, mwanangu. Una kipaji kunizidi, kwa hiyo unaweza kuumiza kunizidi. Utakapokuwa huko watakufundisha kupumua, kusimama, kutumia mikono, mambo ambayo sisi tulijifundisha kwa kuchekwa. Watakuambia pia kwamba msanii ana ruhusa ya kuchukua popote. Hilo sijui kulipinga kwa hoja. Ninachojua ni kwamba nilichukua msiba wa dada yangu, nikautumia, na watu wakapona kwa ajili yake, na vilevile lilikuwa jambo baya. Kupona kwao hakukuligeuza. Ukitunga jambo lililotokea, jiulize wewe ulikuwa wapi siku ile. Kama ulikuwepo na kwenye hadithi hukujiweka, irudie kabla hujamsimulia mtu.

Hadithi ya Mama Aliyesubiri siwezi kukupa. Nimekuwa nikiisema yangu, nikasema siku moja itakuwa yako, na watu wa redio wakaiandika kwa jina langu. Ni ya shangazi yako. Ukitaka kuisimulia huko chuoni, mwombe yeye. Akikataa, iache, hata kama ndiyo iliyokupa nafasi. Unazo nyingine na utatunga nyingine. Akikubali, mwulize ilikuwaje, na umsikilize yeye kuliko karatasi hizi, maana mimi hata hapa nimejikuta nachagua maneno. Na mtoto usimfanye wa kike. Alikuwa wa kiume, anaitwa Joeli, na jino lake la mbele lilikuwa limevunjika kwa kuanguka kutoka kwenye tangi la pikipiki yangu.

Labda utanikasirikia. Nimeamua kukupa barua hii kesho stendi, ukishakaa kwenye kiti, na naona kwamba hata hilo ni woga, kwa sababu basi litakuwa linaondoka na hutaweza kuniuliza kitu. Basi nitakupa leo, mkirudi. Ukinitaka nitakuwa uani. Usipotaka kuzungumza nami pia nitaelewa, na kesho nitakubebea begi hadi stendi, tutakwenda kimya.

Bado jambo moja. Asubuhi, mlipokuwa mnajiandaa kwenda Ilongero, nilimpigia shangazi yako. Siku hizi ana simu. Nilimwambia kwamba unaondoka kesho, na kwamba kabla hujaondoka nitakueleza yote. Akaniuliza ni basi gani, na saa ngapi linapita Misigiri. Nikamtajia. Akaniuliza kama nina hakika na saa, nikasema nimeuliza ofisini kwao mara mbili.

Akasema, "Mwambie akae upande wa kushoto, dirishani," akakata simu.

Tikiti yako nimekwenda kuibadilisha. Iko katikati ya karatasi hizi.

Mimi baba yako,
ambaye leo hana kiitikio.